Mikono Miwili, Tanga Moja

Watu wakisikia naenda baharini peke yangu, swali lao la kwanza ni kama siogopi, na la pili ni kama sichoki kukaa bila mtu wa kuzungumza naye. Nawajibu kwa heshima, maana wanauliza kwa kunijali. Lakini shida yenyewe iko kwingine. Anayeendesha chombo cha tanga bila mwenzake ana shida moja inayozaa nyingine zote: kazi mbili zikimfikia kwa pamoja, ya pili ataifanya nani?

Chukua ngalawa, chombo ambacho kila aliyekulia Tanga anakijua. Tanga lake limefungwa kwenye foromali, yaani boriti ya tanga, na foromali imetundikwa mlingotini kwa henza, kamba ya kupandishia na kuteremshia tanga. Upepo ukikaa upande mmoja, mtu mmoja anatosha. Mkono huu unashika kana, mpini wa usukani, huu unashika demani, kamba ya kuvutia tanga, na safari inakwenda. Kazi inaanza pale unapotaka kugeuka ili upepo uhamie ubavu wa pili. Wenye yoti hupitisha omo, yaani pua ya chombo, katikati ya upepo, tanga linavuka juu ya vichwa vyao, wamemaliza. Sisi tukifanya hivyo tanga linajibana kwenye mlingoti na chombo kinasimama. Kwa hiyo unaupa upepo mgongo kwanza. Unaachia demani, tanga linapeperukia mbele ya omo. Unakwenda mbele, unasimamisha foromali wima, unahamisha mguu wake kutoka upande huu wa mlingoti kwenda upande wa pili, unafunga upya goshi, pembe ya mbele ya tanga, unazungusha demani kwa mbele, unarudi haraka tezini, yaani nyuma, unavuta. Kwenye ngalawa ya wavuvi kazi hiyo ina watu wawili watatu, na anayerukia mbele ni kijana, mwepesi wa miguu. Ukiwa peke yako, nahodha ni wewe, baharia ni wewe, kijana ni wewe. Na muda wote ulioko mbele, usukani hauna mtu.

Bahari nilifundishwa na mjomba wangu wa Mwambani. Amevua tangu ujana wake kati ya visiwa vya Yambe na Karange, na kwa umri wake sasa haendi mbali. Hajawahi kuniambia nisiende peke yangu. Alichonikataza ni kuondoka kabla sijajibu maswali yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Maji yanajaa saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Upepo ukikataa, utalala wapi?"

"Kigombe."

"Na ukifika Kigombe maji yamekupwa?"

Nikikosa jibu hapo, anainama tena kwenye nyavu zake na mazungumzo yamekwisha. Hakuna aliyekasirika. Narudi nyumbani, siku hiyo haikuwa ya safari. Miaka imepita na bado naona kwamba maswali yake ndiyo elimu kubwa niliyoipata juu ya bahari, kwa sababu kila swali linahamisha kazi moja kutoka majini kuileta nchi kavu. Ukiwa na wenzako unaweza kuamua mkiwa njiani. Mmoja anafikiri, mwingine anashika kana, wa tatu anafua maji yaliyoingia chomboni. Ukiwa peke yako, lile ulilokusudia kulifikiria baadaye litakukuta mikono yote miwili ina kazi.

Chombo changu ni ngalawa ya gogo la mwembe, ina marengu, mbao za kuizuia isipinduke, pande zote mbili, imekaa miaka mingi kwenye kazi ya uvuvi kabla ya kuja kwangu. Nimeibadilisha kidogo tu, na kila badiliko limetokana na hilo swali la mikono. Henza, ambayo kwa kawaida inafungwa mbele kwenye mlingoti, nimeipitisha kwenye kapi, gurudumu dogo la kamba, nikaileta tezini, ili niweze kutua tanga nikiwa nimekaa. Hilo nalihesabu kuwa la kwanza. Upepo ukija kwa ghadhabu, jambo la kufanya ni kuliteremsha tanga lote, kisha kutulia na kutazama; na mtu ambaye lazima asimame, aache usukani, aende mbele kufungua fundo lililolowa, amechelewa. Goshi nimeitia kamba mbili, moja kila upande, kwa hiyo nikihamisha mguu wa foromali sianzi kutafuta ya kufungia. Upo wa kufulia maji umefungwa kwa kamba fupi. Vivyo hivyo kafi, dumu la maji, na begi la plastiki lenye simu na kurunzi. Kila kitu kilichomo kina kamba, nami nina ya kwangu.

Usukani ndio uliochukua muda mrefu, na hapa nitaeleza kwa kituo kwa sababu wengi huuliza. Demani ninaipitisha kwenye kapi lililofungwa upande unaotoka upepo, halafu naifunga kwenye kana. Upande wa pili wa kana nafunga kipande cha tyubu ya baiskeli, kinachovuta kuelekea upande upepo unakokwenda. Ngalawa ikianza kuukabili upepo mno, tanga linavuta zaidi, demani inakaza na kuivuta kana kwake, omo linaondoka kwenye upepo. Ikilegea na kuanza kuufuata upepo, demani inapunguza nguvu, mpira unashinda, kana inarudi, omo linapanda tena. Ndani ya dakika chache kana inacheza yenyewe, kidogo huku, kidogo kule, nawe umekaa mikono mitupu unaitazama. Inataka subira kupata urefu unaofaa wa mpira: ukikaza mno chombo kinapanda kwenye upepo na kusimama, ukilegeza mno kinazunguka. Tyubu ya zamani iliyopigwa jua haifai, inakatika. Na upepo ukiwa wa tezini mpango huu haufanyi kazi; hapo lazima ukae na kushika mwenyewe.

Hakuna jipya katika hilo. Wanaosafiri peke yao wamekuwa wakihangaika na usukani tangu mwanzo. Joshua Slocum, mtu wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, aliondoka Boston Aprili 1895 akamaliza Juni 1898. Kutoka Thursday Island, kaskazini ya Australia, hadi visiwa vya Cocos Keeling, ambavyo viko katika Bahari ya Hindi hii hii yetu, ni maili 2,700. Alizikata kwa siku 23, na kwa siku zote hizo, kwa maneno yake mwenyewe, hakukaa kwenye usukani zaidi ya saa tatu. Hakuwa na mtambo wowote. Alikuwa na chombo, Spray, kilichosawazishwa matanga yake mpaka kikishapewa njia kinaifuata. Miaka 70 baadaye Robin Knox-Johnston alizunguka dunia bila kutia nanga popote, wa kwanza kufanya hivyo peke yake, siku 312 zilizoishia tarehe 22 Aprili 1969. Chombo chake, Suhaili, kilikuwa cha futi 32 tu, kimejengwa Bombay kwa mbao za msaji, msaji ule ule uliojenga majahazi mengi ya bahari hii. Alikuwa na kifaa cha kujiongoza kwa upepo; kikavunjika katikati ya safari. Akaendelea kwa kusawazisha matanga na kufunga usukani.

Mimi si wa kuzunguka dunia. Nataja watu hawa kwa sababu walichokifanya kwenye bahari kubwa kinafanana na kinachotakiwa kati ya kisiwa cha Ulenge na Pangani: kukipanga chombo ili kisimhitaji mtu kila dakika.

Na mikono ikikosekana, hata meli ya mfalme haiendi. Jambo hili limetokea hapa hapa kwetu. Aprili 1498 meli mojawapo ya Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Mtangata, upande wa Tongoni ya leo. Maji yalipojaa ikaelea. Wakiwa pale wamekwama, vyombo vya wenyeji viliwaendea, kimoja kimebeba machungwa, na yule aliyeandika habari za safari ile akakiri kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya Ureno. (Nabeba machungwa ya Muheza kila safari, na kila nikimenya moja nikiwa mbele ya Tongoni namkumbuka mwandishi huyo.) Wakaenda India na rubani waliyempata Malindi, kwa upepo wa msimu, wakavuka chini ya mwezi mmoja. Kurudi hawakungoja msimu. Wakatumia karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawaua wengi, na Januari 1499 walipofika tena kwenye mafungu yale yale hawakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli tatu. Wakaitia moto São Rafael, watu wake wakagawanywa kwenye meli mbili zilizobaki. Wavuvi hupita juu ya maji hayo kila siku. Mjomba aliponisimulia habari hii kwa mara ya kwanza hakugusia Wareno hata kidogo, alisema, "Walirudi kabla ya upepo wao."

Upepo wetu una wakati wake, na anayekwenda peke yake hana nguvu za kushindana nao. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, huvuma kama Desemba hadi Machi. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huingia Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, na miezi yake ya katikati ni mikali. Kati ya misimu hiyo miwili kuna maleleji, upepo mwepesi usio na msimamo, unaopendeza asubuhi na kukuacha umekaa mchana. Ndani ya siku moja pia kuna mpango wake: alfajiri umande unatoka nchi kavu, unakutoa pwani taratibu juu ya maji bapa, jua likipanda upepo wa bahari unachukua zamu. Wavuvi wa Tanga wanaishi kwa mpango huo. Wanatoka na umande, wanarudi na upepo wa mchana, na wengi wao hawajui kuna watu wanaolipia kozi kufundishwa jambo hilo.

Maji nayo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga wakati wa bamvua inakaribia mita 4, yaani mwamba uliopita juu yake asubuhi bila kuuona, mchana unaweza kutembea juu yake kwa miguu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa karibu na saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwenye kujua mwezi umefikia wapi ana jedwali la maji kichwani. Naangalia pia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa upepo na kimo cha mawimbi kwa pwani yetu kila siku, na naziamini. Lakini jedwali la kichwani halihitaji chaji.

Kisiwa nilichokuwa na hamu nacho kuliko vyote ni Maziwe, mbele ya Ushongo, kusini ya mto Pangani. Wazee wa upande ule wanakikumbuka kikiwa kisiwa hasa, kina mivinje, kina kivuli, wavuvi wakilala. Kilikuwa mahali pa kasa kutagia, pakubwa kuliko pote katika pwani ya Tanzania bara. Mwaka 1975 kikatangazwa eneo tengefu. Miti ikaanza kuanguka, mchanga ukaliwa na bahari, na miaka michache baadaye hapakuwa na mti hata mmoja. Sasa Maziwe ni fungu la mchanga linalotokea maji yakikupwa na kuzama maji ya bamvua yakijaa. Kasa hawajaacha kuja. Anayetaga pale mayai yake yanafunikwa na bahari, kwa hiyo walinzi huyafukua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo, wayafukie tena mahali pakavu mpaka yaanguliwe.

Kwa msafiri wa peke yake Maziwe ni mtihani mzuri, kwa sababu kisiwa chenyewe kina saa ya kufungua na saa ya kufunga. Niliamua kwenda mwishoni mwa kaskazi, upepo ukiwa umepungua makali, kwa hatua. Siku ya kwanza Tanga hadi Kigombe, upepo wa tezini, kana mkononi muda wote. Siku ya pili Kigombe hadi Ushongo. Halafu nikangoja. Nilikuwa nimefika maji yakiwa mafu, siku ambazo hayajai sana wala hayakupwi sana, na wakati huo hayakupwi vya kutosha kuuonyesha mchanga wote wa Maziwe, na pia saa zake ni mbaya: yanakupwa alfajiri na jioni, wakati jua liko chini na huwezi kuusoma mwamba. Nilihitaji bamvua, ili maji yakupwe saa nne, jua limepanda. Watu wa Ushongo walinipa pahala pa kulala na wakanipa kazi ya kusaidia kuvuta vyombo. Mama mmoja wa pale aliniambia, "Mwanangu, anayekwenda Maziwe haraka anaikuta bahari." Ndivyo ilivyo, kwa maana yake halisi kabisa.

Niliondoka na umande, kabla ya saa moja. Nilipofika karibu, kisiwa kilikuwa bado mstari mweupe wa povu. Nikatua tanga mapema, nikaingia kwa kafi. Hapa ndipo jua linapofanya kazi ya baharia wa pili: likiwa limepanda juu, au likiwa mgongoni kwako, rangi ya maji inakuambia kila kitu. Kijani kilichopauka ni mchanga. Kahawia ni mwamba ulio karibu. Buluu nzito ni kina. Jua likiwa usoni huoni chochote ila mng'ao. Nikatafuta doa la mchanga upande wa kusini magharibi, upande uliokingwa na kaskazi, nikashusha nanga juu ya mchanga, mbali na matumbawe. Nanga moja tu inaburuta na kuvunja kazi ya miaka mingi sana ya viumbe wadogo mno. Kisha nikakaa kwenye ngalawa nikiangalia nchi inatokea.

Inatokea haraka. Kwanza mgongo mmoja, kama mkeka mwembamba, mawimbi bado yakivuka juu yake. Kisha wa pili. Membe wakatua kabla haujakauka. Nilipoteremka mchanga ulikuwa mgumu na baridi, umepangwa mikunjo midogo na maji yaliyoondoka, na juu yake mguu wangu ulikuwa wa kwanza siku hiyo. Si wa kwanza usiku ule, lakini. Upande wa mashariki, kwenye sehemu iliyoinuka kuliko nyingine, kulikuwa na alama za kasa: mapezi mawili yakichimba kulia na kushoto, katikati mfuo wa kifua alichokuwa anakiburuta. Alama zilipanda, zikazunguka, zikashuka. Nusu yake ilikuwa imeshafutwa. Sikugusa kitu. Walinzi wakafika baadaye na mashua ya wageni, nikalipa ada ya eneo tengefu, nikawaonyesha, nao walikuwa wameshaona wakiwa mbali.

Kabla ya saa saba nilikuwa nimepandisha nanga. Sikungoja mpaka maji yafike kifundoni.

Kurudi Tanga ilikuwa habari nyingine. Kaskazi ilikuwa bado inavuma, hafifu, lakini kutoka kule kule nilikotaka kwenda. Njia ilikuwa kupiga bisho siku nzima, nikigeuza tanga mara kwa mara kwa ule mzunguko wote nilioueleza, karibu na miamba, peke yangu. Niliivuta ngalawa juu ya ufukwe wa Ushongo, nikamwachia kijana wa pale anitazamie, nikapanda basi. Kusi ilipoanza nilirudi kuichukua, na upepo ukanifikisha nyumbani bila kugeuza tanga hata mara moja mpaka mlango wa bandari. Kuna rafiki aliyeniambia kwamba hapo nilikatisha safari. Naona niliimaliza kwa upepo wake.

Tanga tunapata wageni wanaosafiri hivi kwa miaka. Utaona yoti zao zimetia nanga mbele ya Raskazone, nyingine zina mtu mmoja tu ndani. Kuna miaka walipotea kabisa. Mwaka 2009 wanandoa Waingereza waliotoka Ushelisheli kuja Tanzania na yoti yao walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakakaa mateka zaidi ya mwaka. Baada ya hapo nani angekuja? Hali ilitulia polepole, na Januari 2023 mashirika ya meli yaliifuta Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa. Siku hizi wanarudi. Nimezungumza na baadhi yao, na mazungumzo yetu yanakwenda vizuri kwa sababu tunahangaikia mambo yale yale: kamba, usingizi, usukani.

Tunatofautiana mahali pamoja. Wengi wao wanatafuta kisiwa kisicho na mtu. Wanaitaja Chagos kwa macho yanayong'aa: maji safi, minazi, kimya. Chagos ilikuwa na watu. Kati ya mwaka 1968 na 1973 Uingereza iliwahamisha wakazi wake wote ili kupisha kituo cha kijeshi cha Marekani huko Diego Garcia, na wengi wao wakaishia Morisi na Ushelisheli wakidai kurudi kwao. Kimya kile kina wenyewe. Hilo huwa nalisema bila kuficha, na sijakutana na msafiri aliyechukia kuambiwa.

Visiwa vyetu pia vina wenyewe hata pasipo na nyumba. Ukifika kisiwa cha jirani na Tanga ukaona moshi, hilo ni dago: wavuvi wamepiga kambi kwa muda, wana chungu, wana maturubai, samaki wao wako kwenye vichanja. Unatia nanga kwa mbali kidogo, unateremka, unatoa salamu kabla ya kuuliza lolote. Anayesafiri peke yake anapokewa kwa maswali mengi kidogo. Huyu katoka wapi, wenzake wako wapi? Ukishajieleza unapewa sahani. Nami natoa machungwa na betri za kurunzi. Taarifa nilizozipata kwenye madago, mkondo umegeuka lini, mlango gani umejaa mchanga, hazimo kwenye ramani yoyote. Kwa hiyo nikisema nasafiri peke yangu namaanisha kwamba ndani ya ngalawa niko peke yangu.

Jambo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni kuanguka. Chombo kilichosawazishwa vizuri hakitakungoja; kitaendelea na njia yake kwa utiifu ule ule uliokifundisha, nawe umebaki majini. Éric Tabarly, nahodha Mfaransa aliyeshinda mara mbili mashindano ya kuvuka Atlantiki peke yake, mwaka 1964 na 1976, alikufa Juni 1998 kwa kuanguka baharini usiku wakiwa katika kazi ya matanga. Safari hiyo hakuwa peke yake, alikuwa na wenzake, na bado hawakuweza kumwokoa. Ndiyo maana kamba yangu ya kiunoni ni fupi. Kamba inayokufikisha majini kisha ikakuburuta haina faida. Inatakiwa ikuzuie usivuke ukingo.

Usingizi ndio uliofanya nisivuke bado kwenda Pemba. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini, za mwaka 1972, zinataka kila chombo kiwe na mwangalizi wakati wote, kwa macho na kwa masikio. Wanaovuka bahari kubwa peke yao hulala vipande vya dakika 20 hivi, kwa sababu meli iendayo kasi inaweza kutoka nje ya upeo wa macho na kukufikia kwa muda kama huo. Ngalawa ya mbao haionekani vizuri kwenye rada. Katika mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari kati ya pwani yetu na Pemba, wenye kina cha karibu mita 800, meli zinapita, na huwezi kutia nanga ukapumzika. Kwa hiyo ni mchana tu, na ni lazima nifike kabla ya jua kuzama.

Nimepiga hesabu yake mara nyingi. Kutoka Ulenge hadi Pemba ni kilomita 50 na ushei. Kwa mwendo wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, ni saa sita. Mkondo wa bahari hapa unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kufika noti 4. Tuseme ni noti 2 tu: kwa saa sita utakuwa umesukumwa maili 12, zaidi ya kilomita 20. Ukitoka Ulenge ukashika mashariki moja kwa moja, kilomita hizo zinakutosha kuipita Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa, bila kuigusa Pemba, na mbele ya hapo ni bahari tupu. Wakati wa kaskazi mkondo unapungua, na upepo ukiwa wa kaskazini mashariki nikilenga Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, unanikaa ubavuni kwenda, na unanikaa ubavuni kurudi. Ubavuni maana yake tyubu ya baiskeli inafanya kazi, na sigeuzi tanga njiani. Tatizo ni kwamba upepo huo unapingana na mkondo, na vikipingana wimbi linasimama, fupi na lenye mwinamo mkali, ambalo marengu hayalipendi. Kwa hiyo nataka siku ambayo kaskazi imelala kidogo, maji mafu, na taarifa ya mawimbi isiyozidi mita moja.

Mjomba amekubali kwa sharti: mara ya kwanza niongozane na mashua ya watu anaowafahamu wanaokwenda Pemba, nisiiache ikapotea machoni. Nimekubali. Henza mpya nimeshanunua, kalafati, kazi ya kuziba nyufa za mbao, itarudiwa Novemba ngalawa ikiwa juu ya mchanga, na lililobaki ni jibu la swali lake la mwisho, ambalo bado ananiuliza kila nikipita Mwambani: nikikuta upepo umekufa katikati ya mkondo saa tisa mchana, nitapiga kafi kuelekea wapi?